Rangi ya Zambarau na Saratani ya Matiti: Maabara Imeona Nini, Mgonjwa Afanye Nini

Katika kliniki ya matiti ninakofanyia kazi, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi siku hizi halihusu kisu cha upasuaji wala kupukutika kwa nywele. Linahusu matunda. Mgonjwa hungoja mpaka mazungumzo yamekwisha na ndugu aliyemsindikiza ameshasimama, ndipo hufungua mkoba akatoa kichupa cha unga wenye rangi ya damu ya mzee, au akaonyesha ujumbe aliotumiwa kwenye simu, na kuuliza kwa sauti ya chini: "Daktari, na hii nitumie?"

Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba halikuzuka hewani. Kwa miaka mingi sasa maabara kadhaa, hasa za Marekani, zimekuwa zikichunguza viambato vya matunda madogo yenye rangi kali, na baadhi ya matokeo yao yanavutia kweli. Ya pili ni kwamba jibu la mkato, liwe la kukubali au la kukataa, laweza kumdhuru mgonjwa. "Ndiyo" isiyo na maelezo humfanya adhani amepata mbadala wa dawa. "Hapana" yenye kebehi humfundisha asiulize tena, akaendelea kutumia kwa siri. Kosa hili la pili nimelifanya mimi mwenyewe, na nitalieleza mbele.

Matunda yanayozungumzwa

Kwa mtaalamu wa mimea, beri ni tunda lenye nyama laini lililotokana na ovari moja ya ua, mbegu zake zikiwa ndani ya nyama hiyo. Kwa kipimo hicho nyanya na ndizi ni beri, ilhali stroberi siyo. Watafiti wa lishe hawajali sana mipaka hiyo. Wanaposema beri huwa na maana ya matunda madogo yenye rangi nzito: bluberi, rasiberi nyeusi, stroberi, forosadi, zabibu nyeusi na mengineyo. Bluberi na rasiberi ni matunda ya nchi za baridi, na kwetu huuzwa ghali katika maduka machache ya mijini. Lakini limo tunda moja katika kundi hilo ambalo watoto wa Tanga, Unguja na Dar es Salaam hulifahamu kwa ulimi uliobadilika rangi: zambarau.

Mzambarau, ambao wanasayansi huuita Syzygium cumini, asili yake ni Bara Hindi na nchi za kusini mashariki mwa Asia, nao umezoea pwani yetu kiasi kwamba wengi hudhani ni mti wa hapa tangu mwanzo. Lugha yetu imelipa tunda hili heshima ambayo matunda machache yameipata, kwani rangi yenyewe tunaiita kwa jina lake. Na katika habari hii, rangi ndiyo kiini cha mambo.

Rangi hiyo hutokana na kundi la kemikali ziitwazo antosianini. Mama aliyewahi kufua shati la shule lenye doa la zambarau ameshafanya jaribio la kemia bila kujua: doa lililokuwa jekundu-jekundu hugeuka kuwa na ubuluu linapoguswa na sabuni, kwa sababu antosianini hubadilika rangi kulingana na ukali wa asidi au alkali. Ule ukakasi unaobaki ulimini baada ya kula zambarau changa nao una chanzo chake, yaani tanini. Baadhi ya tanini hizo zikivunjwa hutoa asidi elajiki, ambayo imo pia kwa wingi katika rasiberi na stroberi. Antosianini, asidi elajiki na jamaa zao wengi huitwa kwa pamoja polifenoli. Mti huzitengeneza ili kujikinga na jua kali, ukungu na wadudu, na kuwavutia ndege watakaosambaza mbegu. Haukutuwazia sisi wala matiti yetu. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi husikia kwamba tunda fulani "liliumbwa kwa ajili ya" ugonjwa fulani.

Maabara imeona nini

Seli ya kawaida ya titi huzaliana kwa utaratibu, hukarabati vinasaba vyake vinapoharibika, na ikishindwa kuvikarabati hujiua yenyewe. Kifo hicho kilichopangwa ni sehemu ya uhai wetu wa kila siku. Seli ya saratani ni ile iliyopoteza breki hizo. Huzaliana bila amri, hukataa kufa, huvuta mishipa mipya ya damu ili ijilishe, kisha huhama kwenda kwapani, mifupani, mapafuni au kwenye ini. Katika aina nyingi za saratani ya matiti mafuta yanayouendesha moto huo ni homoni ya estrojeni. Katika aina iitwayo hasi-tatu, ambayo huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika, estrojeni haina nafasi hiyo, na ndiyo maana vidonge vya kuzuia homoni haviisaidii.

Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo sisi watu wa pwani tulipaswa kulisikia mapema. Walichukua dondoo la zambarau na kulimimina juu ya aina tatu za seli zilizokuzwa katika vyombo vya maabara: seli za saratani ya matiti zinazotegemea estrojeni, seli za aina ya hasi-tatu, na seli za titi zisizo na saratani. Dondoo lilizuia ukuaji wa aina zote mbili za saratani, na nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwa zile zinazotegemea estrojeni. Kilichovutia zaidi ni kwamba lilizisukuma seli za saratani kwenye kifo kilichopangwa, lakini halikufanya hivyo kwa seli zisizo na saratani.

Mwaka uliofuata, kituo cha utafiti cha City of Hope huko California kilionyesha kwamba dondoo la bluberi lilipunguza ukuaji na uwezo wa kuhama wa seli za hasi-tatu. Mwaka 2011 kikaenda hatua moja mbele: panya waliopandikizwa saratani hiyo walilishwa chakula kilichochanganywa na unga wa bluberi. Walioupata kwa kiasi cha asilimia 5 ya chakula chao walikuwa na uvimbe uliopungua kwa asilimia 75 ukilinganishwa na wa panya wasiopewa. Walioupata kwa asilimia 10 walikuwa na upungufu wa asilimia 60. Namwomba msomaji azitazame tarakimu hizo mbili mara ya pili, hasa yule anayeamini kwamba kijiko kimoja kikifaa basi vitatu vitafaa zaidi.

Kule Louisville, jimboni Kentucky, kundi jingine limefanya kazi kwa njia inayokaribia zaidi maisha ya mwanamke. Badala ya kupandikiza saratani, walitumia panya wa ukoo ambao hupata saratani ya matiti wakiwekewa estrojeni mwilini kwa muda mrefu. Mwaka 2008 walitoa taarifa kuhusu rasiberi nyeusi na asidi elajiki, na mwaka 2016 kuhusu zambarau. Panya waliokula chakula chenye zambarau walichelewa kuota uvimbe, idadi ya walioupata ilikuwa ndogo, na kila mmoja alikuwa na vivimbe vichache kuliko wenzake. Inaelekea viambato vya tunda hubadilisha kazi ya baadhi ya vimeng'enya vinavyoivunja estrojeni, hivi kwamba mabaki yenye madhara kwa vinasaba hupungua.

Hayo yote ni kweli, na mtu akiishia hapo ataondoka na furaha. Wauzaji wa unga huishia hapo.

Safari kutoka mdomoni hadi titini

Katika maabara, dondoo humwagwa moja kwa moja juu ya seli. Mwanamke hamwagi zambarau juu ya titi lake (nimewahi kuwaona waliojipaka, lakini ngozi haipitishi kitu cha maana). Yeye hulila tunda, na baada ya kulimeza hufuata safari ndefu: tumbo lenye asidi, utumbo mwembamba wenye utando unaochagua, ini ambalo kazi yake ni kukibadilisha kila kigeni kinachopita, na utumbo mpana wenye bakteria wasiohesabika.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliwapa wanaume 8 wenye afya miligramu 500 za antosianini mojawapo iliyotiwa alama ya kaboni ili iweze kufuatiliwa popote iendako. Kiasi kilichobainika kufyonzwa kilikuwa asilimia 12 hivi. Tena, sehemu kubwa ya kilichoonekana katika damu haikuwa antosianini yenyewe bali vipande vyake baada ya kuvunjwa. Antosianini kamili ilionekana kwa kiwango kidogo sana, kilicho mbali mno na kile kinachotumiwa katika vyombo vya maabara.

Asidi elajiki nayo haifyonzwi vizuri. Hufika utumbo mpana, na huko bakteria huigeuza kuwa kemikali nyingine, urolitini, ambazo huingia katika damu kwa urahisi zaidi. Lakini si kila mtu ana bakteria hao. Wako watu wanaotengeneza urolitini kwa wingi, wako wanaotengeneza za aina tofauti, na wako wasiotengeneza kabisa. Dada wawili wanaweza kula sahani moja ya matunda, mmoja akapata kitu ambacho mwenzake hatakipata kamwe.

Je, chochote hufika titini? Hufika. Mwaka 2019 watafiti wa Murcia, Hispania, walichapisha matokeo ya utafiti kwa wagonjwa wa saratani ya matiti waliokubali kumeza vidonge vya polifenoli katika siku za kungoja upasuaji, kisha nyama iliyotolewa ikapimwa. Mabaki ya polifenoli yalikuwemo ndani ya nyama ya titi, yenye saratani na isiyo na saratani. Ila yalikuwa yameshafungwa na kubadilishwa na mwili, si katika umbo lile ambalo maabara nyingi hutumia katika majaribio yao. Mwaka mmoja kabla, watafiti hao walikuwa wameonyesha kwamba yakishafungwa hivyo nguvu yake ya kuzuia seli za saratani hupungua sana. Kwangu mimi huu ndio utafiti muhimu kuliko yote katika uwanja huu. Hauui matumaini, bali unayaweka mahali pake: kinachofanya kazi katika chombo cha kioo si lazima kiwe ndicho kinacholifikia titi.

Kwa wanawake wenyewe

Uchunguzi mkubwa tulio nao unatokana na wauguzi wa Marekani waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa, kundi la kwanza tangu 1976 na la pili tangu 1989. Taarifa ya mwaka 2019, iliyohusu wanawake zaidi ya 182,000, ilionyesha kwamba waliokula matunda na mboga zaidi ya vipimo vitano na nusu kwa siku walikuwa na hatari ya kupata saratani ya matiti iliyopungua kwa asilimia 11 ikilinganishwa na ya waliokula vipimo viwili na nusu au chini ya hapo. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine uliwatazama wanawake 8,927 waliokwisha kuugua. Waliokula bluberi vipimo viwili kwa juma walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya matiti iliyopungua kwa asilimia 25, na ya kufa kwa sababu yoyote iliyopungua kwa asilimia 17. Katika uchambuzi huohuo, juisi za matunda, ukiiacha ya machungwa, ziliambatana na vifo vingi zaidi. Tunda lililotafunwa na tunda lililokamuliwa si kitu kimoja.

Tarakimu hizi ni za kutia moyo, lakini hazithibitishi kwamba bluberi ndiyo iliyowaokoa. Mwanamke anayemudu kununua bluberi kila juma huenda pia anamudu mambo mengine: bima, muda wa kutembea, chakula bora, daktari aliye karibu. Watafiti hujitahidi kuziondoa tofauti hizo kwa hesabu, nao hawafaulu kuziondoa zote. Kinachoweza kukata shauri ni jaribio la kitabibu, ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili na kufuatiliwa. Hakuna jaribio la namna hiyo lililoonyesha kwamba tunda lolote la jamii hii, au unga wake, au kidonge chake, hufuta saratani ya matiti au kurefusha maisha ya mgonjwa.

Tumewahi kufundishwa kwa uchungu kwa nini jaribio ni lazima. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba watu wanaokula karoti na mboga zenye betakarotini kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Ilionekana ni jambo la akili tu kuwapa wavutaji sigara vidonge vya betakarotini. Nchini Finland wanaume 29,133 waliingizwa katika jaribio, na matokeo yakatangazwa mwaka 1994: waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio lingine la Marekani lilisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya madhara ya aina hiyohiyo. Karoti haikuwa na hatia. Kilichodhuru ni kiambato kimoja kilichotolewa peke yake, kwa dozi kubwa, kwa watu waliokwisha kuwa hatarini.

Kuna wasiwasi wa aina hiyo hata kwa wagonjwa wetu. Baadhi ya dawa za saratani, pamoja na mionzi, hufanya sehemu ya kazi yake kwa kuzalisha chembe kali za oksijeni zinazoziharibu seli za saratani. Vidonge vya antioksidanti vimetengenezwa kuzizima chembe hizohizo. Uchunguzi wa wagonjwa 1,134 wa saratani ya matiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliotumia vidonge vya antioksidanti kabla ya tiba ya kemikali na wakati wa tiba hiyo walielekea zaidi kurudiwa na ugonjwa. Idadi yao ilikuwa ndogo, hivyo ushahidi si wa mwisho, lakini unatosha kunifanya nimwambie mgonjwa aviweke kando mpaka amalize dozi. Hata viungo vya jikoni vikigeuzwa vidonge hubadilika tabia: uchunguzi mdogo wa Uholanzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa vidonge vya dondoo la manjano, hasa vikichanganywa na kiambato cha pilipili manga, vilipunguza katika damu kiwango cha kemikali ambayo tamoksifeni huitegemea kufanya kazi. Manjano ya kwenye mchuzi si dozi ya namna hiyo.

Ndugu za wagonjwa hunishutumu mara kwa mara: "Nyinyi madaktari hamwamini miti." Huwaonyesha chupa ya dripu iliyo mkononi mwa mgonjwa wao. Paklitakseli, dawa tunayoitumia sana kwa saratani ya matiti, ilitoka katika gome la mti uitwao Taxus brevifolia wa magharibi mwa Amerika Kaskazini. Umbo lake la kikemia lilichapishwa mwaka 1971, na kibali cha kuitumia kwa saratani ya matiti nchini Marekani kikatoka mwaka 1994. Miaka ishirini na mitatu ilipita katikati, ya kutafuta kiini chake, kupima sumu yake, kupata dozi, na kuilinganisha na dawa nyingine. Zambarau bado iko mwanzoni mwa njia hiyo. Huenda siku moja itafika mwisho, na huenda isifike.

Gharama ya kuchelewa

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka arobaini na kidogo. Uvimbe katika titi lake la kushoto ulikuwa wa sentimita mbili tu, na kwapa lilikuwa safi. Kipimo cha kinyama kilithibitisha saratani inayotegemea estrojeni. Ilikuwa saratani ya hatua ya awali, ile tunayoitamani kuikuta, na tukapanga tarehe ya upasuaji. Akiwa anainuka aliniuliza kuhusu unga wa matunda aliopewa na shoga yake. Ukumbi ulikuwa umejaa wagonjwa. Nilicheka kidogo, nikasema, "Hizo ni porojo, mwalimu," nikaita jina linalofuata.

Hakuja siku ya upasuaji. Alirudi baada ya miezi tisa, uvimbe ukiwa wa sentimita saba na tezi za kwapani zimegandamana. Kila mwezi alikuwa akinunua kopo moja la unga, na jumla ya fedha alizotoa ilizidi nauli zote ambazo angehitaji kwa matibabu. Hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu ya kukatwa titi, mtu mmoja alimsikiliza kwa saa nzima na kumpa tumaini, na mwingine, ambaye ni mimi, alimpa dakika tano na kicheko.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa walioacha tiba ya hospitali na kuchagua tiba mbadala peke yake ilhali saratani yao ilikuwa haijasambaa. Kwa saratani ya matiti, hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya wenzao waliotibiwa. Nchini Tanzania, tathmini ya huduma za saratani ya matiti iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanawake wanane kati ya kumi hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba zaidi ya asilimia 60 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, na uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Kopo moja la unga hutumika kwa siku 30. Makopo mawili yanatosha kuzila siku zote hizo.

Kwa mwenzangu wa zahanati na wodini

Usiulize, "Unatumia dawa za kienyeji?" Jibu litakuwa hapana, hasa mbele ya mume au mama mkwe. Uliza hivi: "Mama, wagonjwa wetu wengi hutumia na vitu vingine nyumbani, juisi, unga, miti. Wewe unatumia nini?" Kisha andika katika faili jina la kitu, kiasi, na tangu lini, kama unavyoandika dawa nyingine yoyote. Akikuonyesha kopo, lishike, lisome mbele yake. Mara nyingi halina orodha ya vilivyomo wala kipimo, na mgonjwa akiliona hilo kwa macho yake huhitaji maneno machache kutoka kwako.

Mwangalie kwa makini zaidi mwenye kisukari. Mbegu za zambarau zilizosagwa hutumiwa na wengi kushusha sukari, na mgonjwa anayezichanganya na vidonge vyake au insulini, huku tiba ya kemikali imempotezea hamu ya kula, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Na anayekwambia anakunywa divai nyekundu kwa ajili ya resveratroli ya zabibu, mweleze bila kumung'unya maneno kwamba pombe, hata kidogo, huongeza hatari ya saratani ya matiti. Ale zabibu zenyewe. Za Dodoma ni tamu.

Kwa mgonjwa na kwa mwenye afya

Tunda ni chakula, na chakula kizuri ni sehemu ya matibabu. Kula zambarau, forosadi, stroberi, au papai na embe kama hayo ndiyo yaliyopo, zima badala ya kukamua, bila kuongeza sukari. Usiuze kuku ili ununue bluberi. Ukiwa katika tiba ya kemikali kinga yako hushuka, hivyo osha matunda vizuri kwa maji safi na salama, na yale yanayouzwa barabarani yakiwa yamekwisha kunyunyiziwa chumvi yaache mpaka utakapomaliza. Kichefuchefu kikikuzuia kula nyama au maharage, tunda pekee halitakupa nguvu ya kuhimili dozi inayofuata, kwa hiyo mwambie muuguzi mapema.

Kwa ambaye hajaugua, yapo mambo yenye ushahidi mzito kuliko beri yoyote. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Kutembea na kufanya kazi za mwili husaidia, na kutonenepa kupita kiasi baada ya kukoma hedhi husaidia pia. Na uvimbe wowote mpya katika titi au kwapa, hata usiouma, na hasa usiouma, upelekwe kituoni juma hilohilo. Hali kadhalika ngozi iliyojaa vishimo mithili ya ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au majimaji yenye damu. Wanaume nao wasijione hawahusiki, maana saratani hii huwapata, ingawa kwa nadra.

Yule mwalimu alianza na tiba ya kemikali, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa titi, akapata mionzi, na sasa anameza tamoksifeni kila siku. Huja kila baada ya miezi sita. Msimu uliopita aliingia na mfuko wa karatasi uliolowa chini, akauweka mezani, akaniangalia bila kucheka. "Haya Daktari, leo nijibu vizuri. Hizi nile au nisile?" Nilivuta kiti. Nikamwambia ale, azioshe, asisage mbegu, na asiache kidonge hata siku moja. Akanisukumia mfuko nichukue na mimi.